Serikali Ikiifunga Biashara Halali kwa Ajili ya Mazingira, Mwenye Biashara Ana Haki Gani?

Swali: "Mwaka 2016 nilichukua mkopo wa benki nikanunua mashine mbili za kutengenezea mifuko ya plastiki hapa Mombasa. Leseni zote nilikuwa nazo na kodi nililipa. Mwaka uliofuata mifuko ikapigwa marufuku, nikaziuza mashine kwa bei ya chuma chakavu huku deni likiendelea. Sasa nataka kuanza kutengeneza vifungashio vya vyakula. Je, Katiba hainilindi? Sikustahili kulipwa fidia? Na nifanyeje ili yasinikute tena? Na je, bado naweza kufungua shauri kuhusu mashine zile?"

Ndugu msomaji,

Pole kwa hasara iliyokupata. Nitaanza na fidia, maana naona ndilo swali linalokuuma zaidi. Kwa sheria ya Kenya ilivyo, serikali haikuwa na wajibu wa kukulipa kwa sababu tu imepiga marufuku bidhaa uliyokuwa ukiitengeneza. Hata hivyo ilikuwa na wajibu mwingine kwako, nao si mdogo: kutumia mamlaka iliyopewa na sheria, kuwasikiliza wanaoguswa kabla ya kuamua, kuwapa muda wa kutosha wa kujipanga, na kutovuka kiasi ambacho lengo la kulinda mazingira lilihitaji. Uhuru wa mfanyabiashara mbele ya sheria za mazingira unalindwa hasa na wajibu huo wa pili. Wengi huutafuta kwenye fidia, wakaukosa huko, wakahitimisha kwamba haupo kabisa.

Katiba ya Kenya ya 2010 haina kifungu kinachosema waziwazi kwamba kila mtu ana uhuru wa kufanya biashara. Katiba ya Uganda inacho: Ibara ya 40(2) inampa kila mtu haki ya kufanya kazi au biashara yoyote iliyo halali. Ya Afrika Kusini, katika kifungu cha 22, inampa raia haki ya kuchagua kazi au biashara, na papo hapo inaongeza kwamba uendeshaji wake unaweza kudhibitiwa kwa sheria. Ya Tanzania inataja haki ya kufanya kazi katika Ibara ya 22 na haki ya kumiliki mali katika Ibara ya 24. Mwenye kiwanda wa Kenya hujenga hoja yake juu ya kifungu cha 40 kinacholinda mali, akisaidiwa na kifungu cha 47 kinachotaka uamuzi wa kiutawala uwe halali, wa busara na uliofuata utaratibu wa haki.

Upande wa pili kuna kifungu cha 42, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kinachotaka mazingira hayo yalindwe kwa manufaa ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Kifungu cha 69 kinaipa serikali orodha ya wajibu, kisha kinamtaka kila mtu, wewe na mimi tukiwamo, ashirikiane na vyombo vya serikali katika kuyatunza mazingira. Kifungu cha 70 ndicho nionacho wafanyabiashara wengi hawajakisoma kwa makini. Mtu anayekwenda mahakamani kwa kutumia kifungu hicho halazimiki kuonyesha kwamba yeye mwenyewe au mtu mwingine yeyote ameumia au amepata hasara. Inatosha kwamba haki ya mazingira safi inakaribia kuvunjwa. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kushtakiwa na mtu asiyekuwa jirani yake, kabla hata ya madhara kuonekana.

Haki hizo mbili, ya mali na ya mazingira, zote zinaweza kuwekewa mipaka, kwa kuwa hakuna hata moja kati yake iliyo katika orodha fupi ya haki zisizoguswa iliyo kwenye kifungu cha 25. Mipaka yenyewe hupimwa kwa kifungu cha 24, nacho ndicho kiini cha jibu langu lote. Kifungu hicho kinataka mpaka uwekwe kwa sheria, tena kwa kiwango kilicho cha busara na kinachoweza kutetewa katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia inayoheshimu utu, usawa na uhuru. Mahakama inapaswa kuangalia haki inayopunguzwa ni ya aina gani, lengo la kuipunguza lina uzito gani, inapunguzwa kwa kiasi gani, kama mtu mmoja akiifaidi haki yake anawadhuru wengine, na kama kulikuwa na njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo lile lile. Hakuna mahali ambapo Katiba inamwambia jaji apime shilingi dhidi ya miti na kutangaza mshindi. Jaji hupewa kazi nyingine, ya kukagua namna serikali ilivyofika kwenye uamuzi wake na kiasi cha nguvu ilichotumia.

Sasa tulitazame katazo lililokuangusha. Tangazo la Gazeti Rasmi lilitolewa tarehe 28 Februari 2017, likakataza kutengeneza, kuagiza kutoka nje na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa na ile bapa isiyo na vishikio, iwe ya biashara au ya nyumbani, kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Vifungashio vya msingi vinavyofunga bidhaa kiwandani viliachwa nje ya katazo. Wenye viwanda, kupitia chama chao, walisema kwamba viwanda 176 vingefungwa na ajira zipatazo 60,000 zingepotea, wakaenda kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku chache kabla ya katazo kuanza, mahakama ilikataa kulisimamisha kwa muda, na mwaka 2018 ikalitupilia mbali shauri lenyewe. Kwa hiyo swali la iwapo katazo lilikuwa halali lilikwisha kujibiwa, na jibu lilikuwa ndiyo.

Naliona jibu hilo kuwa sahihi, na ningependa uione sababu yake hata kama imekugharimu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba maduka makubwa ya Kenya peke yake yalikuwa yakigawa mifuko ipatayo milioni 100 kwa mwaka. Mifuko hiyo iliziba mitaro na kuongeza mafuriko mitaani, na madaktari wa mifugo waliokagua machinjio ya Nairobi walieleza kwamba baadhi ya ng'ombe walikutwa na mifuko ishirini tumboni. Hoja yenye nguvu zaidi, hata hivyo, inatokana na kile kigezo cha njia nyepesi. Kenya ilikwisha kuijaribu njia nyepesi. Mwaka 2007 na tena mwaka 2011 serikali ilijaribu kuzuia mifuko myembamba tu, kwa kutumia kipimo cha unene, na mara zote mbili hatua hizo hazikushika. Serikali iliyojaribu kudhibiti kwa upole ikashindwa ina haki ya kuiambia mahakama kwamba katazo kamili ndilo lililobaki. Ingekuwa imeruka moja kwa moja kutoka kutofanya lolote hadi kufunga viwanda, wenye viwanda wangekuwa na hoja nzito zaidi, na pengine mizani ingeinama upande mwingine.

Hata hivyo, kukubali kwamba katazo lilikuwa halali hakunilazimishi kukubali kila kilichofungamanishwa nalo. Adhabu yake ilichukuliwa kutoka katika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999: faini ya kuanzia shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha kuanzia mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Kiwango hicho cha chini hakimtofautishi mwenye kiwanda na mama mboga aliyekutwa na mifuko michache kibandani pake. Linganisha na kanuni za Tanzania Bara zilizoanza kutumika tarehe 1 Juni 2019. Huko mtengenezaji au mwagizaji anaweza kutozwa kuanzia shilingi milioni 20 hadi bilioni 1 za Tanzania, muuzaji kuanzia 100,000 hadi 500,000, na mtu aliyekutwa tu na mfuko kuanzia 30,000. Lengo ni lile lile, na bidhaa ni ile ile, lakini sheria imejishughulisha kutazama ni nani anayenufaika na uchafuzi na kwa kiasi gani. Mtu anayetaka kujua maana ya uwiano katika sheria hahitaji kusoma vitabu vya nadharia. Aziweke sheria hizi mbili kando kwa kando. Mimi nashikilia kwamba faini ya chini ya shilingi milioni 2 kwa mchuuzi haiwezi kutetewa chini ya kifungu cha 24, na kwamba wanaotetea mazingira ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo, kwa sababu adhabu isiyo na uwiano huwafanya watu wema waichukie sheria nzuri.

Jambo la pili ni muda. Mlipewa miezi sita. Kwa duka linalobadilisha mifuko, miezi sita inatosha. Kwa mtu aliyenunua mashine mwaka uliotangulia kwa mkopo wa miaka kadhaa, haitoshi hata kutafuta mnunuzi wa mashine hizo nje ya nchi. Ufaransa ilikabiliwa na swali la jinsi hiyo. Sheria ya Oktoba 2018 ilikataza kuanzia mwaka 2022 kutengeneza na kuuza nje ya Ulaya viuatilifu vyenye kemikali ambazo Umoja wa Ulaya haukuziidhinisha, na watengenezaji wakaipinga wakisema inavunja uhuru wao wa kibiashara. Baraza la Katiba la nchi hiyo, katika uamuzi wake wa tarehe 31 Januari 2020, lilitamka kwamba kulinda mazingira ni lengo lenye hadhi ya kikatiba, na kwamba bunge lina ruhusa ya kuupunguza uhuru wa biashara kwa ajili yake, hata pale madhara yanapotokea nje ya mipaka ya Ufaransa. Mtu akisoma uamuzi huo haraka ataona ushindi wa mazingira tu. Akisoma taratibu ataona kwamba Baraza lilizingatia pia kuwa kampuni zilipewa zaidi ya miaka mitatu ya kujirekebisha. Muda ulikuwa sehemu ya mizani yenyewe.

Nirudi kwenye fidia, kwa kuwa hapo ndipo sheria ina matabaka mengi. Kifungu cha 40(3) cha Katiba ya Kenya kinaitaka serikali inapomnyang'anya mtu mali yake ifanye hivyo kwa manufaa ya umma na imlipe haraka fidia kamili ya haki. Swali ni kama wewe ulinyang'anywa. Mashine zilibaki zako, kiwanja kilibaki chako, na serikali haikuchukua chochote ikakitumia yenyewe. Ilichofanya ni kukataza matumizi fulani ya mali hiyo. Mgawanyo huo kati ya kunyang'anya mali na kudhibiti matumizi yake ni wa zamani sana. Mwaka 1887 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Mugler, mtengenezaji wa bia wa jimbo la Kansas ambaye kiwanda chake kilipoteza thamani baada ya jimbo kukataza pombe. Mahakama ilisema kwamba kukataza matumizi ya mali yaliyotangazwa kisheria kuwa yanadhuru afya, maadili au usalama wa jamii si kunyang'anya, na hakumpi mwenye mali haki ya kulipwa. Alikuwa katika hali inayofanana mno na yako: kiwanda halali, kikafanywa kisiwe halali kwa sheria iliyokuja baadaye.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1992, mahakama hiyo hiyo iliweka mpaka mwingine katika shauri la Lucas, mtu aliyenunua viwanja viwili vya ufukweni huko South Carolina, kisha sheria ya kulinda fukwe ikamzuia kujenga chochote. Ilisema kwamba sheria inayoifutia ardhi thamani yake yote ya kiuchumi inahitaji fidia, isipokuwa kama matumizi hayo yangezuiwa hata na kanuni za zamani za sheria ya mali. Wanasheria wa wafanyabiashara hupenda kulitaja shauri hilo, lakini wengi huacha aya moja ndani yake ambayo ni muhimu kwako. Mahakama ilitofautisha ardhi na mali nyingine: mtu mwenye bidhaa au vifaa vya biashara anapaswa kufahamu kwamba sheria mpya inaweza kuvifanya visiwe na thamani yoyote, hasa kama kazi yake pekee ni kutengeneza na kuuza. Hukumu za Marekani haziwafungi majaji wa Kenya, lakini fikra hiyo ndiyo iliyotawala karibu kila mahali, na sioni dalili kwamba mahakama zetu zinakwenda kinyume nayo.

Kuna njia moja ambayo kwayo fidia hupatikana, na ningetaka uijue vizuri kwa sababu inahusu mwenendo wa serikali kuliko ukubwa wa hasara. Ujerumani ilirefusha muda wa mitambo yake ya nyuklia mwishoni mwa mwaka 2010. Miezi michache baadaye, Machi 2011, ikatokea ajali ya Fukushima nchini Japani, na mwaka huo huo bunge la Ujerumani likageuka na kuamuru mitambo yote ifungwe kwa tarehe maalumu. Kampuni za umeme zilikwenda mahakamani. Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu tarehe 6 Desemba 2016, ikakubali kwamba bunge lilikuwa na haki ya kubadili sera na kuharakisha kufungwa kwa mitambo. Lakini ilisema pia kwamba waliowekeza fedha kati ya tarehe 28 Oktoba 2010 na 16 Machi 2011, wakiamini ahadi ya sheria iliyokuwapo, hawawezi kuachwa na hasara hiyo bila kufidiwa kwa namna fulani. Ona jinsi dirisha hilo lilivyo jembamba. Halikumlinda kila aliyepata hasara. Lilimlinda yule aliyesukumwa na serikali yenyewe kuweka fedha, kisha akageukwa. Kama mwaka 2016 ungekuwa umeshawishiwa kununua mashine zile kwa nafuu ya kodi au kwa ahadi ya maandishi kutoka chombo cha serikali, ningekushauri kwa namna tofauti kabisa. Leseni ya kawaida ya biashara haifiki huko. Leseni hukuruhusu kufanya jambo wakati sheria inaliruhusu. Haikuahidi kwamba sheria haitabadilika.

Lazima niseme pia kile kinachotokea pale ambapo sheria inaelemea mno upande wa mwekezaji, na kwa hilo sihitaji kwenda mbali na ulipo. Katika mtaa wa Owino Uhuru hapo Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi kiliruhusiwa kufanya kazi ukutani mwa makazi ya watu. Wakazi waliugua kwa sumu ya risasi, wakiwamo watoto wadogo. Phyllis Omido, ambaye aliwahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na mwanawe akadhurika, aliwaongoza wakazi hadi mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaivuruga mwaka 2023, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Sehemu ya mzigo wa fidia hiyo iliangukia taasisi za serikali zilizopaswa kukikagua kiwanda na hazikufanya hivyo inavyostahili. Miaka mingi ilipita kati ya ugonjwa na hukumu, na hakuna hukumu inayoweza kuitoa risasi ndani ya damu na mifupa ya mtoto. Ndiyo maana sheria ya Kenya, kama ya Tanzania, imeikubali kanuni ya tahadhari: pale ambapo kuna hatari ya madhara makubwa yasiyorekebishika, kukosekana kwa uhakika kamili wa kisayansi hakuwi kisingizio cha kuchelewa kuchukua hatua.

Na uhuru wa kiuchumi hauko upande wa viwanda peke yao. Bandari ya Lamu ilipojengwa, wavuvi walikwenda Mahakama Kuu wakilalamika kwamba uchimbaji wa sakafu ya bahari umeharibu maeneo yao ya kuvulia. Tarehe 30 Aprili 2018 mahakama ilikubali kwamba haki zao zimevunjwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mvuvi wa Lamu naye ni mfanyabiashara. Mtaji wake ni mikoko, majani ya bahari na matumbawe ambamo samaki huzaliana, na mtu akiviharibu amemfilisi kama vile katazo la mifuko lilivyokufilisi wewe. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mjadala wetu mara nyingi huendeshwa kana kwamba upande mmoja una watu wanaotafuta riziki na upande mwingine una wapenda ndege na misitu. Katika mashauri mengi ya Afrika Mashariki riziki iko pande zote mbili, na jambo analoulizwa jaji ni riziki ya nani itakayobeba gharama.

Ukiniuliza sasa ni silaha gani iliyo kali zaidi mkononi mwa mtu wa kawaida, awe mwenye kiwanda au mwanakijiji, nitajibu kwamba ni haki ya kushirikishwa. Mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe huko Lamu, wenye uwezo wa megawati 1,050, ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira liliifuta leseni hiyo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kwa namna ya maana katika tathmini ya athari za mradi. Baraza halikusema kwamba makaa ya mawe ni haramu. Lilisema kwamba uamuzi mkubwa kiasi hicho hauwezi kusimama ikiwa watakaoishi nao hawakuelezwa wakaelewa na kusikilizwa. Kanuni hiyo hiyo inakulinda wewe upande wa pili. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inamtaka anayetunga kanuni zenye athari kwa biashara awashauri wanaoguswa na aandae taarifa ya athari za kanuni hizo, kisha kanuni zenyewe zifikishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu zichapishwe, la sivyo hupoteza nguvu. Kanuni kadhaa nchini Kenya zimeanguka mahakamani kwa kukiuka utaratibu huo, bila jaji kulazimika kusema lolote kuhusu ubora wa sera.

Kwa biashara unayoitaka sasa, anza na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni za mwaka 2024 zilizotungwa chini yake, ambazo zinamfanya mzalishaji abaki na wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya mteja kuitumia na kuitupa. Mtengenezaji wa vifungashio anapaswa kujisajili na kuchangia gharama za kukusanya na kurejeleza, peke yake au pamoja na wenzake. Iingize gharama hiyo katika hesabu zako kabla ya kwenda benki. Usiichukulie kuwa ni ushuru utakaokuja siku nyingine, kwa kuwa imekwisha kuwapo. Tazama pia mwelekeo: baada ya mifuko ya 2017, plastiki za kutumika mara moja zilikatazwa katika mbuga, fukwe na misitu iliyohifadhiwa kuanzia tarehe 5 Juni 2020. Mtu anayenunua leo mashine isiyoweza kutengeneza kitu kingine ila plastiki nyembamba ya kutumika mara moja hataweza kumwambia jaji kwamba hakuonywa. Nunua mashine inayokubali malighafi ya aina zaidi ya moja, hata kama bei yake iko juu kidogo, na katika mkataba wa mkopo omba kifungu kinachoruhusu ratiba ya malipo ijadiliwe upya endapo sheria itaikataza bidhaa. Benki inaweza kukataa kifungu hicho mara ya kwanza kikiombwa, lakini huenda ikakubali kukijadili kwa mteja mwenye dhamana nzuri.

Jiunge na chama cha wazalishaji, na uwe na mtu anayesoma Gazeti Rasmi kila linapotoka. Mamlaka ya mazingira inapoita maoni juu ya rasimu ya kanuni, usiishie kusema kwamba unapinga. Andika una wafanyakazi wangapi, mashine zina umri gani, deni limebaki kiasi gani, na kubadilisha mtambo kutachukua miezi mingapi, kisha pendekeza tarehe ambayo ungeweza kuitii kanuni hiyo. Tunza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kanuni ikipita bila kuyagusa uliyoyasema, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha mahakamani kwamba njia nyepesi ilikuwapo mezani na haikutazamwa, na hoja hiyo ina uzito mkubwa zaidi kuliko kilio cha hasara kilicholetwa baada ya mambo kuharibika.

Umegusia pia, mwishoni mwa barua yako, kama bado unaweza kufungua shauri kuhusu mashine zile mbili. Mashauri ya kikatiba nchini Kenya hayana kikomo cha muda kilichoandikwa, lakini mahakama hukataa kumsikiliza aliyechelewa bila sababu ya kueleweka, na katazo lenyewe lilikwisha kupita mbele ya majaji. Nisingekushauri utumie fedha huko. Ikiwa kuna barua, hati ya nafuu ya kodi au makubaliano yoyote ya maandishi ambayo chombo cha serikali kilikupa mwaka 2016 kikikuhimiza ununue mashine hizo, mpelekee wakili karatasi zenyewe azisome kabla hujaamua kuliacha jambo hilo.